Mombasa izibe mabomba kwanza

Umeme wa pampu za maji kule Baricho ukikatwa kwa sababu ya deni la bili, mifereji mingi ya Mombasa hukauka. Jambo hili limetokea zaidi ya mara moja. Kila likitokea wakubwa huitana mkutanoni, deni hupunguzwa kidogo, pampu huwashwa na habari huishia hapo. Kwa mkaazi wa Kisauni haiishii hapo, maana siku hizo wenye mikokoteni hupandisha bei ya mtungi.

Wengi huliona hili kuwa suala la madeni. Sisi tunaanzia kwenye mabomba. Maji ya chemchemi za Mzima hushuka yenyewe kutoka Tsavo Magharibi, safari ya zaidi ya kilomita 200, kwa kuwa chemchemi ziko juu na mji uko ufuoni. Ya Baricho hayana bahati hiyo. Huvutwa kutoka visima vya kando ya mto Sabaki, kisha husukumwa kwa pampu hadi mjini. Kuinua lita 1,000 kwa mita 100 hula karibu uniti 0.4 za umeme, tena pampu ikiwa nzima; iliyochakaa hula zaidi. Maji hayo yakimwagikia mtaroni Tudor au Changamwe, umeme wake umeshatumika na bili yake inangoja.

Na yanamwagika. Ripoti za WASREB, mdhibiti wa huduma za maji, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji ya kampuni za maji nchini Kenya hayaingizi hata senti. Mengine huibwa, mengine hupita kwenye mita mbovu, mengine hupotelea ardhini.

Mtaa wa Khayelitsha, Cape Town, ulikuwa na donda hilihili. Mwaka 2001 jiji lile liliweka vali za kupunguza presha kwenye mabomba makuu yanayoingia mtaani, hasa kwa saa za usiku ambapo watu wamelala na mabomba yanavuja kwa nguvu zaidi. Takriban mita za ujazo milioni 9 ziliokolewa kwa mwaka, bila bwawa jipya.

Tutaambiwa Mombasa haina presha ya kupunguza, ina mgao. Ni kweli, na mgao ndio unaoua mabomba. Maji yakirudi ghafla kwenye bomba lililojaa hewa, viungo huachia. Bomba likiwa tupu, ufa uleule uliotoa maji safi jana huvuta ndani majitaka leo, na katika mitaa yetu shimo la choo haliko mbali na bomba. Kipindupindu kikizuka tunamlaumu muuza matunda! Kuziba nyufa ndiyo kinga ya kwanza ya maji ya kunywa, kabla ya dawa na kabla ya mabango ya kunawa mikono.

Paneli za sola Baricho tunaziunga mkono. Lakini umeme wa jua unaosukuma maji ya kwenda kumwagika bado ni hasara, tofauti ni kwamba hasara hiyo imenunuliwa kwa mkopo. Vivyo hivyo Bwawa la Mwache kule Kwale, lililopangwa kutoa mita za ujazo 186,000 za maji kwa siku: maji hayo yakiingia kwenye mabomba haya haya, sehemu kubwa itapotea kabla ya kumfikia mteja. Tunajua mwanasiasa hakati utepe mbele ya vali iliyofukiwa ardhini. Hilo si tatizo la mlipa kodi.

Liko pia suala la chanzo cha maji. Maji ya Mzima ni mvua iliyonyesha kwenye vilima vya Chyulu ikazama kwenye miamba ya volkano. Mombasa haimiliki vilima hivyo, ila inavinywa. Nairobi na washirika wake, kwa ajili ya maji ya jiji hilo, walianzisha mfuko wa kutunza mashamba ya Tana ya Juu mwaka 2015. Pwani nayo ichangie Chyulu.

Serikali ya kaunti iweke mita kwenye kila tangi na kila bomba linaloingia mtaani, kisha itangaze kila mwezi tarakimu tatu: lita zilizoingia, lita zilizolipiwa, na uniti za umeme zilizotumika. Hadi itakapofanya hivyo, madiwani wasiipitishie mkopo mwingine wa maji.