Maji yauzwe kwa kipimo, si kwa ndoo pekee

MKULIMA anayefikisha mahindi katika soko la Kilombero mjini Arusha anajua kwamba mizani itakayopima mzigo wake inatakiwa kuwa na chapa ya Wakala wa Vipimo. Mwenye kituo cha mafuta naye anajua kwamba pampu yake hukaguliwa. Hata lumbesa, ugonjwa wa siku nyingi katika biashara ya mazao, imepigwa vita kwa sababu soko haliwezi kuendeshwa kwa kukisia.

Biashara ya maji bado inaendeshwa kwa kukisia. Mwenye nyumba anayeletewa maji kwa boza, na mama anayelipia dumu la lita 20 kwa muuza maji wa mkokoteni, wote wana hakika ya ujazo tu. Lita wanaziona. Kilichoyeyuka ndani yake hawakioni, na mara nyingi hata muuzaji hakijui.

Kwa wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara suala hili si dogo. Maji yanayopita katika miamba ya volkano hubeba madini ya floraidi. Yakizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyofutika, na kwa anayeyanywa miaka mingi mifupa hukakamaa na kupinda. Maji ya Chai, wilayani Arumeru, ilipewa jina kutokana na rangi ya maji yake, lakini floraidi yenyewe haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, floraidi iliyobaki huwa kali zaidi. Vidonge vya klorini navyo huua vijidudu tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa mengine hayakupatikana. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi 4, na kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki sasa ni 1.5. Sheria imekaza, lakini kiwango kisichopimwa kisimani hubaki kwenye karatasi.

Chombo cha kupimia kipo, tena si kigeni. Mwaka 1966 wanakemia wawili wa Marekani, Martin Frant na James Ross, walitangaza elektrodi yenye kipande cha fuwele ya lanthanamu floraidi. Ikichovywa majini, hutoa umeme mdogo unaobadilika kwa takriban milivolti 59 kila floraidi inapoongezeka mara kumi. Leo elektrodi hiyo na mita yake hubebwa kwenye begi na kufanya kazi kwa betri. Ukoo wake ni ule wa kipimo cha sukari ambacho wagonjwa wa kisukari hutumia nyumbani: kemia inageuzwa kuwa umeme, na umeme unageuzwa kuwa tarakimu.

Hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa macho. Madukani kuna kalamu za bei nafuu zinazoonyesha jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Baadhi ya wauza machujio huzitumia kumtisha mteja mlangoni kwake. Kalamu hiyo hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, basi. Haiwezi kutofautisha floraidi na chumvi ya kawaida. Maji yanaweza kusomeka vizuri kwenye kalamu na bado yakaharibu meno ya mtoto. Vivyo hivyo, elektrodi ya floraidi haitambui zebaki wala risasi. Hizo zina vipimo vyake. Anayetangaza kifaa kimoja cha bei rahisi kinachopima kila uchafu aombwe kuonyesha kinachopimwa, kwa elektrodi ipi.

Bei ya kununulia nayo si gharama yote. Mita nzuri ya floraidi huuzwa kwa mamia ya dola, na baada ya hapo huhitaji myeyusho wa kulinganishia wenye kiasi kinachojulikana. Pia sampuli huongezwa kimiminika cha kusawazisha tindikali na kuachanisha floraidi iliyoshikwa na aluminiamu au chuma. Kikiachwa, jibu huweza kuwa dogo kuliko ukweli. Mita ikipotoka kwa milivolti 6 tu, maji yenye miligramu 1.8 yanaweza kusomeka 1.4 na kupita kana kwamba ni salama. Mita isiyolinganishwa ni sawa na mizani iliyotobolewa jiwe lake. Kwa hiyo halmashauri au mradi unaotangaza zabuni uulize mapema bei ya myeyusho, bei ya elektrodi ya akiba na jina la fundi atakayeitunza. Vifaa vingi hufia kabatini kwa kukosa vitu hivyo.

Wa kwanza kunufaika na kipimo hiki ni mwenye mtaji wa kisima. Anayechimba kisima kirefu hulipa fedha nyingi, mara nyingi za mkopo, kabla ya kujua atauza nini. Visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana sana kwa floraidi. Busara ni kuandika katika mkataba kwamba maji yatapimwa wakati wa majaribio ya kisima, kabla pampu na tangi havijanunuliwa, na kwamba maabara itathibitisha jibu hilo.

Wa pili ni mfanyabiashara wa machujio. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa, na mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga wa Arusha alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa chujio lake. Lakini mkaa wa mifupa huchoka, na ulimi hauwezi kujua siku uliyochoka. Muuzaji anayerudi kwa mteja na mita mkononi anauza uhakika pamoja na chujio. Asiyerudi anauza ndoo yenye mkaa.

Wapo watakaosema kwamba kutangaza vipimo kutaua biashara ya visima na kuwatia wananchi hofu bila kuwapa maji mengine. Hoja hiyo ina uzito, lakini soko lenyewe lina jibu. Kahawa ya Kilimanjaro huuzwa kwa madaraja, na daraja la chini halitupwi. Maji nayo yanaweza kuwa na madaraja. Familia hutumia maji kidogo kwa kunywa na kupika, na mengi kwa kufua, kuoga na usafi. Maji yenye floraidi nyingi yanaweza kuuzwa kwa kazi hizo kwa bei yake, na yale machache yaliyo salama yakatengwa kwa ajili ya kinywa na chungu. Mtu hawezi kutenga asichokipima.

Si lazima kila kijiji kinunue mita. Vyombo vya watumia maji vya kata kadhaa vinaweza kuchangia seti moja na fundi mmoja, na wauza maboza wakalipa ada kwa kila sampuli. Mamlaka nazo ziweke utaratibu wa kukagua mita hizo na watu wanaozitumia, kama zinavyokagua mizani. Kila kituo cha kuchotea maji kiwe na kibao chenye mambo matatu: kiasi cha floraidi, tarehe ya kupimwa na aliyepima.

Maji ya chupa hutakiwa kubeba alama ya ubora ya TBS. Anayeweza kulipia chupa tayari ana mtu wa kumpimia. Anayenunua kwa dumu, ambaye ndiye mwenye watoto wanaoota meno kwa maji hayo kila siku, naye anastahili tarakimu moja ya kweli kabla hajatoa fedha yake.