Kibra ina hati, lakini suala la ardhi halijaisha

Wengi wetu huku Pwani tukisikia Kibera tunafikiria mabati, reli na maandamano. Ukishuka matatu mwisho wa gari pale Olympic, unakuta picha nyingine: nyumba za mawe, mageti, maduka yaliyopangana. Jirani ni Ayany, na mtaa mwingine unaitwa Fort Jesus, jina la ngome yetu ya Mombasa. Ukivuka barabara tu, vichochoro vinaanza: Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, na mbele kidogo Makina.

Tofauti hiyo ina historia, na sisi Wapwani inatuhusu.

Kibra kwa Kinubi ni msitu. Mwaka 1904 Waingereza walianza kuwaweka hapo askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan. Walikuwa Waislamu, lugha yao imetokana na Kiarabu, na wengi waliwatumikia wakoloni miaka mingi. Takriban ekari 4,200 zilitengwa kwa ajili ya jeshi. Wazee wale waliruhusiwa kujenga, kulima na kuzika wafu wao, lakini hawakupewa hati. Mkoloni aliwahesabu kama watu waliokaribishwa tu.

Uhuru ulipokuja, ardhi ikahesabika kuwa ya serikali. Mitaa ya kisasa, Olympic ikiwemo, ikajengwa juu ya ile Kibra ya zamani, na waliotoka bara kutafuta kazi wakapanga vyumba kwenye sehemu iliyobaki. Mnubi akawa mwenye nyumba asiye na ardhi. Mtu wa Majengo, Mombasa, haelezwi maana ya hali hiyo: sisi tunaiita nyumba bila ardhi, na tumeishi nayo tangu zama za babu zetu.

Lakini tuwe waadilifu. Mpangaji naye ana lake. Mwishoni mwa mwaka 2001 mvutano wa kodi ya nyumba ulizua ghasia na watu wakafa, baada ya wanasiasa wakubwa kutamka kwamba kodi ni ya juu. Mpangaji aliuliza: kama ardhi ni ya serikali, mbona nakulipa wewe? Mwenye nyumba naye akajibu kwamba babu yake amezikwa hapo. Wote wawili walikuwa na hoja, na aliyewaingiza kwenye ugomvi ni yule aliyekataa kutoa karatasi kwa karne nzima.

Wanubi hawakukaa kimya. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewanyima watoto wa Kinubi haki ya uraia. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikawapa haki juu ya uraia na ardhi. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi hati ya jamii ya ekari 288. Piga hesabu mwenyewe: kutoka ekari 4,200, hiyo haifiki hata asilimia saba.

Kitambulisho pia kilikuwa mtihani. Kijana wa Kinubi alipelekwa mbele ya kamati ya wazee kuthibitisha kwamba ni Mkenya, jambo ambalo vijana wetu wengi Waislamu wanalijua. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuondoa uchunguzi huo wa ziada. Ni jambo jema, ila tangazo ni la siku moja. Kipimo ni kile anachofanyiwa kijana dirishani kwa msajili.

Nikienda Nairobi hufikia kwa jamaa pale Olympic, na kila mara hutoka na fikra ileile. Hati ni mwanzo tu. Hati ya jamii inataka viongozi waaminifu, orodha ya wanufaika iliyo wazi, na makubaliano na wapangaji ambao nao wamezaa na kulea hapo. Bila hayo, karatasi inaweza kuzaa kesi mpya.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na maskwota wa Kilifi, Kwale na Lamu wataahidiwa hati tena. Wakija kwetu, tuwaulize maswali matatu: ni ekari ngapi, majina ya nani yamo, na waliopanga humo watakwenda wapi? Asiyeweza kujibu hajaleta hati. Amekuja kutafuta kura.