Taka zetu Turbo ni mali, lakini nani atazibeba?

Watu wangu, ukitaja "biashara ya kijani" kibandani utaulizwa, "Hiyo nayo inauzwa bei gani?" Wengi wanadhani ni mambo ya kampuni kubwa na vyeti vya ukutani. Mimi nasema hapa Turbo tunaifanya tayari, ni vile tu hatuiiti hivyo.

Angalia penye mbao zinapasuliwa. Maranda yanayobaki, mfugaji wa kuku anayabeba na kuyatandika bandani. Maganda ya viazi ya mama chipsi yanalisha ng'ombe. Anayepikia jiko lenye udongo ndani ananunua makaa kidogo kuliko jirani wa jiko la bati tupu. Hakuna aliyeenda semina. Wamepiga hesabu ya mfuko, basi.

Shida iko penye hesabu inakataa. Fundi wa gereji akimwaga oili chafu mtaroni, leo hapotezi hata shilingi. Mvua ikinyesha inaingia mtoni, na maji ya huku kwetu huishia Nzoia, halafu Ziwa Victoria. Mwambie "penda mazingira", ataitikia vizuri sana, na jioni aimwage tu. Kama hana pa kuipeleka, ulitaka ainywe?

Ati sheria? Sheria zipo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, faini shilingi milioni 2 hadi 4. Sheria ya taka ya 2022 inataka kila mmoja wetu atenganishe zinazooza na zisizooza. Sawa kabisa. Lakini sheria hiyohiyo inazitaka kaunti ziweke vituo vya kukusanyia taka za kurejelezwa. Hapo ndipo nasimama: mama mboga asibebeshwe nusu yake na nusu ya serikali. Ukitenganisha vizuri, halafu gari lije lirushe zote pamoja, kesho utasumbuka tena kwa nini?

Ada ya soko tunalipa. Tuombe vitu vitatu tu: mapipa mawili sokoni, pipa moja la oili chafu karibu na magereji, na siku inayojulikana ya kuyabeba. Hayo yakiwekwa, kanjo akikupata unamwaga mtaroni, mimi sitakutetea.

Wewe unauza nini hapa Turbo, na taka zako huenda wapi? Niambie ukweli.