Wanafunzi Wapelekwe Masinga Wakauone Udongo

Kila mwaka shule zetu hukodi mabasi kwenda Mombasa, na ni nadra mtu kuuliza wanafunzi wamerudi na nini ila picha na kauri. Sina ugomvi na bahari. Linalonikera ni kwamba mwanafunzi huyo huyo ameyakariri majina ya mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hata yamekuwa kama wimbo wa chekechea, ilhali hajaliona hata moja.

Mwaka juzi niliwachukua wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Tuliiacha barabara ya Garissa pale Kangonde, tukaelekea Masinga, kisha tukaandama njia za vumbi zilizo karibu na ziwa. Mandhari yale hayalichoshi jicho: maji yaliyotanda, ambayo bwawa lijaapo hufunika kilomita za mraba zipatazo 120, migunga mikavu, mashamba ya ndengu, vilima vya Mbeere ng'ambo, na kiboko aliyechomoza pua tu. Basi zima lilinyamaza, jambo ambalo sijawahi kulipata darasani.

Tulipofika upande ambako mito huingia ziwani, rangi ilibadilika. Maji yalikuwa mekundu, mazito. Mvulana mmoja, mwenyeji wa Murang'a, akauliza, "Mwalimu, udongo huu wote umetoka wapi?"

"Kwenu," nikamjibu. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Hapo ndipo somo lilipoanza. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka wa 1981. Mitambo yake huzalisha megawati 40 tu, lakini kazi yake kubwa ni kuyaweka akiba maji ya masika na vuli ili mitambo ya mabwawa manne yaliyo chini isikose maji wakati wa kiangazi. Kila tani ya tope inayotua humo hutwaa nafasi ya maji. Mwaka wa 2009, ukame ulipokithiri, maji yalipungua hata mitambo ya Masinga ikazimwa. Mvua ndiyo iliyokosekana, nakubali. Lakini ghala linalozidi kujaa mchanga litaweka akiba gani mvua ijapo?

Nyanya mmoja aliyekuwa akiwapakia punda mitungi aliwaambia vijana kwamba wakati wa kiangazi ukingo humkimbia, naye huyafuata maji akivuka tope lifikalo magotini, huku akiwachungulia mamba. Hilo halimo katika kitabu chochote nilichowahi kufundishia.

Walimu wenzangu wa Nairobi, Thika na Embu, safari hii ni ya siku moja na nauli yake haifiki hata nusu ya ile ya Mombasa. Waiteni wazazi, wapangieni.

Yule mvulana wa Murang'a alirudi kwao likizo ya Agosti akapanda mabingobingo kwenye kingo za matuta ya shamba la babake. Nasikia mzee alinung'unika sana kwamba yanakula nafasi ya mahindi.