Kiinimacho, Mwereka na Kiburi cha Mhakiki

Mwanafunzi mmoja wa uzamili kutoka Ruiru aliwasilisha pendekezo la tasnifu kuhusu vichekesho vya sinema bubu. Jopo likamjibu kwamba hapo hapana matini: mtu huteleza, huanguka, watu hucheka, basi. Kauli hiyo si ngeni. Ina ukoo, na ukoo wenyewe ni wa kikoloni.

Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa na Waingereza mwaka 1939, kilifuata nadharia ya William Sellers kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufahamu hila za kamera. Filamu zake ziende polepole, kiinimacho kisiwemo. Hivyo mbinu aliyoitumia Georges Méliès huko Ufaransa tangu 1896, ya kusimamisha kamera ili mtu atoweke au ageuke kitu kingine, ikaepukwa kwa hoja kwamba ingemtatiza Mwafrika.

Hoja hii haina mashiko. Mtoto wa Thika aliyelelewa kwa ngano za Wagikuyu alimjua irimu, zimwi lijigeuzalo kijana mtanashati, kabla ya kuona picha yoyote ikitembea. Aliyeyapokea mageuzi hayo kutoka kinywani mwa nyanya yake, angeshindwaje kuyapokea katika kitambaa cheupe? Isitoshe, wakoloni walijipinga wenyewe: magari yao ya sinema yalibeba filamu za Charlie Chaplin ili kuvuta umati. Walitambua kwamba mnyonge anayemponyoka askari hahitaji mkalimani.

Mwereka, kwa hakika, ni matini. Huuliza nani kaanguka, mbele ya nani, na kwa faida ya nani. Mwenye cheo anapoteleza, ngazi ya jamii nzima hutikisika. Kwa kibarua wa mashamba ya kahawa ya Ruiru au ya mkonge ya Thika, aliyeishi chini ya jicho la mnyapara, kicheko cha namna hiyo kisingekuwa upuuzi.

Yamkini tutaambiwa kwamba vichekesho vingi vya enzi hiyo viliwadhihaki watu weusi na wanyonge. Ni kweli. Lakini hiyo ni sababu ya kuvihakiki, si ya kuvinyamazia.

Sellers alidai kwamba mtazamaji wetu hana uwezo wa kuona. Jopo letu linadai kwamba hapana cha kuonwa. Njia ni mbili, mwisho wake mmoja: mtazamaji hubaki bila historia. Mwanafunzi yule na aitwe tena, asikilizwe.