Gharama ya fundi friji asiyejua umeme

Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha umeme Februari 2024, malalamiko ya mgawo uliowatesa wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2006, 2011 na tena mwishoni mwa 2023 yamepungua. Bwawa hilo la mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115.

Hata hivyo, kwa muuza samaki wa Mbagala au mfugaji wa kuku wa nyama wa Bunju, umeme mwingi wa Rufiji haujamaliza tatizo. Friza lake bado linagoma, na kila linapogoma fundi humwambia maneno yale yale: gesi imeisha.

Maneno hayo yanafaa kuchunguzwa, kwa sababu yanabeba fedha nyingi za wafanyabiashara wadogo.

Gesi ya jokofu hailiwi kama mafuta ya taa kwenye jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikipoa na kupata joto, na ina uwezo wa kufanya hivyo kwa miaka mingi. Ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, na kuijaza bila kuziba tundu ni kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka. Lakini mara nyingine haikupungua kabisa. Rilei imeungua, kapasita imechoka, waya umelegea, au umeme unaofika kwenye friza ni mdogo mno kuiwasha kompresa. Fundi asiyejua kupima umeme hawezi kutofautisha mambo hayo, hivyo anafanya lile analolijua.

Umeme mdogo una hesabu yake

Nyumba ya kawaida hutakiwa kupata volti 230. Kwenye mtaa ulio mbali na transfoma, saa moja jioni, kila mtu anapowasha taa, feni na pasi, volti hushuka. Tuseme zimeshuka hadi 170. Mtu angedhani nguvu ya kompresa ya kuanza kuzunguka imepungua kwa robo tu. Sivyo. Nguvu hiyo hushuka kwa kipeo cha pili cha volti, na kwa hiyo inabaki kidogo zaidi ya nusu.

Kompresa inanguruma bila kuzunguka, koili zake zinapata moto, kinga inakata umeme. Baada ya dakika chache inajaribu tena. Ule mlio wa "tik" unaosikika nyuma ya friza usiku ndio huo. Hali ikiendelea kwa muda mrefu koili zinaungua, na hapo mwenye mali anahitaji kompresa mpya, wakati wiki iliyopita angetibiwa na kifaa kidogo kinachokata umeme unaposhuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha.

Tatizo jingine mfanyabiashara hujitengenezea mwenyewe. Vibanda vingi vya Tandika na Tegeta huvuta umeme kutoka nyumba kubwa kwa waya mwembamba. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, wenye urefu wa mita 40 kwenda na 40 kurudi, una ukinzani wa karibu omu mbili. Kompresa ikivuta ampea 10 kwa sekunde ya kuanza, volti 20 zinapotea njiani, juu ya zile ambazo tayari zilikuwa pungufu. Hakuna gesi inayoweza kurekebisha hilo.

Kuna pia hatari ya uhai. Friza la chuma linalokaa juu ya sakafu iliyolowa maji ya barafu ya samaki, bila waya wa ardhini, ni mtego kwa anayelifungua akiwa pekupeku.

Soko linalipa nini?

Ni rahisi kuwalaumu mafundi, lakini hesabu ya uchumi inaonyesha upande mwingine. Fundi wa mtaani halipwi kwa kupima. Analipwa kwa kujaza gesi au kubadilisha kifaa. Akikaa nusu saa na mita, akagundua kwamba ni waya uliolegea, mteja atamwuliza kwa nini anadai fedha kwa kukaza skrubu moja. Yule aliyekuja na mtungi, geji na moto wa kuchomelea ameonekana amefanya kazi. Soko la namna hiyo linamfundisha fundi asijifunze umeme.

Gharama inahamia kwa mkulima na mchuuzi. Kuku waliokwisha kuchinjwa hawangoji. Friza likigoma Ijumaa jioni, mwenye mali huuza kwa bei yoyote itakayotajwa, na mnunuzi anajua hivyo.

Hata friza linalofanya kazi vibaya bila kuzimika lina bei yake. Friza la wati 150 linalopumzika nusu ya muda hutumia uniti 54 kwa mwezi. Likikosa kupumzika, kwa sababu thamostati imekwama au mpira wa mlango umechakaa, hufika uniti 108. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alilipa Sh100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na aliyehamishiwa kundi la matumizi ya kawaida alilipa Sh292, kabla ya kodi na tozo. Kwa mpango huo hitilafu moja inatosha kumtoa mtu kundi moja na kumwingiza jingine.

Msingi wa umeme haudai miaka mitatu darasani. Kompresa ya kawaida ya friza ina ncha tatu. Fundi akizima umeme na kupima ukinzani kati ya kila jozi, kipimo kikubwa lazima kilingane na jumla ya viwili vingine. Kisipolingana, koili ina hitilafu. Mita ikisoma kati ya ncha na mwili wa kompresa, umeme unavuja. Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Kikwazo ni kwamba michoro inayokuja na mashine iko kwa Kiingereza au Kichina, wakati mafundi wengi walisoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili.

Chuo cha VETA Chang'ombe, kilichomo ndani ya Temeke yenyewe, hufundisha umeme na pia ufundi wa majokofu na viyoyozi. VETA ina vilevile utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza kazi mtaani hupimwa na kupewa cheti bila kuanza upya.

Haraka ipo. Gesi ya R-22, iliyozoeleka kwenye viyoyozi, inaondolewa katika nchi zinazoendelea ifikapo 2030, ikibaki kiasi kidogo cha matengenezo. Majokofu mengi mapya yanatumia R-600a, ambayo inawaka moto. Kwenye mashine hizo cheche ya rilei iliyofungwa ovyo, au moto wa kuchomelea uliowashwa kabla ya kutoa gesi, unaweza kulipua chumba.

Kwa sasa mwenye friza anaweza kubadilisha jinsi anavyolipa: akubaliane na fundi malipo ya kupima peke yake, hata kama hakuna kitakachobadilishwa, na aonyeshwe namba kwenye mita kabla mtungi wa gesi haujafunguliwa.