Kidude cha Taa Tatu: Mafuta Hayaokolewi kwa Kumetameta

Jamani, mwezi uliopita mjomba wangu alinitembelea. Mjomba ni dereva wa teksi, na siku hiyo hakungoja hata chai ije. Alitoa mfukoni kiboksi cha plastiki, akakiweka mezani, akasema:

"Mpwa, wewe ndiye ulisomea mambo ya kompyuta. Hiki kitu kinafanya nini?"

"Mjomba, wewe umeambiwa kinafanya nini?"

"Kinaokoa mafuta. Asilimia 35! Unakichomeka chini ya usukani, kinaongea na kompyuta ya gari."

"Na umekinunua pesa ngapi?"

Akakohoa kidogo. "Elfu tatu na mia tano."

Sasa, kwangu mimi ninayeketi ofisini nikiandika programu, hiyo ni hasara ya kuudhi. Kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kusaka abiria, hiyo ni pesa ya servisi. Na kweli ilikuwa pesa ya servisi, kama mtakavyoona. Ndiyo maana leo nimeweka kazi zangu kando. Nimekasirika, na nikikasirika naandika.

Tukakifungua

Nilichukua bisibisi. Mjomba alitaka kunizuia, kisha akasema basi, potelea mbali. Ndani mlikuwa na chipu moja ndogo, resista chache, kitufe, na taa tatu: nyekundu, kijani na ya manjano. Basi. Nikafuata njia za shaba kwa mita ya umeme. Vipini vilivyounganishwa na kitu chochote ni vile vya kuleta umeme tu. Vingine vyote vilikuwa pambo.

Tundu lile la chini ya usukani linaitwa OBD2. Marekani ililazimisha magari mapya kuwa nalo kuanzia mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. Lina nafasi 16 za vipini. Namba 16 hupata umeme moja kwa moja kutoka kwa betri, namba 4 na 5 ni za ardhi, na kwenye magari ya kisasa namba 6 na 14 ndizo njia za mawasiliano, yaani mtandao wa ndani wa gari unaoitwa CAN. Kifaa kinachotaka kuongea kwenye mtandao huo kinahitaji sehemu maalumu, transiva, ya kugeuza maneno ya chipu kuwa mawimbi ya waya. Chipu bila transiva ni kama simu bila laini. Utabonyeza namba mpaka vidole viume, na hakuna atakayepokea.

Usidhani mjomba alipata kimoja kibovu. Mwaka 2017 watafiti wa Quarkslab, kampuni ya Ufaransa ya usalama wa kompyuta, walichukua kifaa cha aina hii kinachouzwa kwa jina la Nitro OBD2. Walisikiliza mtandao wa gari kabla ya kukichomeka na baada ya kukichomeka. Hakikusema neno. Walipokipasua hadi ndani ya chipu yenyewe hawakukuta transiva. Kazi yake ni kumetameta. Yaani mtu ameandika programu ya kuwasha na kuzima taa, ile ile tunayofundishwa somo la kwanza, akaiuza kama muujiza.

Na hata kingekuwa na transiva? Kubadilisha hesabu za kompyuta ya injini si kazi ya kuchomeka na kwenda. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake na kufuli zake, na zinabadilika kutoka modeli moja hadi nyingine. Mimi nikitengeneza programu ya simu, ikifanya kazi kwenye simu tatu inakwama kwenye ya nne. Halafu niamini kwamba kiboksi kimoja kinaelewa Probox, Subaru, na Mercedes ya mheshimiwa, bila kuuliza hata jina la gari?

Hesabu inayowaumbua

Wauzaji husema injini yako haichomi mafuta yote, na kifaa chao kinayamalizia. Hapo ndipo uongo unapokaa, na hapo ndipo ni rahisi kuukamata.

Injini nzima ya kisasa huchoma karibu mafuta yote inayopewa, zaidi ya asilimia 98. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi hupima kilichobaki, na kompyuta hurekebisha kipimo papo hapo ili kila kilo moja ya petroli ipate takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa hiyo hata ungeleta malaika achome tone la mwisho, angekuokolea asilimia moja au mbili, si 35.

Ni kweli kwamba nguvu nyingi ya petroli hupotea. Kiasi cha robo tu ndicho hufika kwenye magurudumu. Lakini sehemu kubwa ya ile nyingine hupotea kama joto kupitia rejeta na ekzosi, baada ya mafuta kwisha kuungua. Na kama theluthi ya petroli ingekuwa inatoka bila kuungua, ingeenda kuungua kwenye kichujio cha moshi mpaka kiyeyuke. Ungejua. Jirani angejua.

Ukoo wao ni mkubwa

Kiboksi hiki ni kitinda mimba tu. Wazee wake ni hawa.

Kuna sumaku za kufunga kwenye mrija wa mafuta, eti zinapanga molekuli mstari mmoja kama wanafunzi wa gwaride. Petroli haivutwi na sumaku, na mpangilio wowote ungevurugika mara tu mafuta yanaponyunyizwa.

Kuna feni za kuzungusha hewa kabla haijaingia kwenye injini. Zinachofanya ni kuiziba njia.

Kuna vidonge vya kutia ndani ya tangi. Mwaka 2006 mwanasheria mkuu wa jimbo la Texas aliishtaki kampuni ya BioPerformance iliyouza vidonge hivyo. Maabara ilikuta ni naftalini, dawa ile ile ya kufukuza nondo kwenye nguo. Kule Australia kampuni ya Firepower ilivuma kwa kidonge cha mafuta, ikadhamini hadi timu ya mpira wa kikapu. Mwaka 2008 ikaanguka na pesa za wawekezaji zaidi ya elfu moja.

Halafu kuna maji. Lo, maji! Stanley Meyer wa Ohio alidai gari lake linatumia maji. Mwaka 1996 mahakama ilisema ni ulaghai na kumwamuru arudishe dola 25,000 za wawekezaji wawili. Daniel Dingel wa Ufilipino alidai hivyo hivyo kwa miaka mingi, na mwaka 2008 alihukumiwa miaka 20 akiwa na umri wa miaka 82. Leo wadogo zao wanauza chupa ya kupasua maji kwa umeme wa gari ili gesi yake iingie kwenye injini. Lakini umeme huo unatoka kwa jenereta ya gari, na jenereta inazungushwa na injini ile ile, kwa petroli ile ile. Ni kama kutoa pesa M-Pesa na kuziweka tena, ukitarajia salio liongezeke. Kila mzunguko kuna makato.

Je, hakuna hata kimoja kinachofanya kazi? Sheria ya nishati ya Marekani ya mwaka 1975 iliagiza vifaa vya namna hii vichunguzwe. Shirika lao la mazingira, EPA, limechunguza zaidi ya 100, na halijapata hata kimoja kinachopunguza matumizi ya mafuta kwa kiasi cha maana.

Kwa nini basi watu wananunua?

Ukisema "kwa sababu ni wajinga" utakuwa umekosea, na tena utakuwa umemtusi mjomba wangu, ambaye kwa hesabu za barabarani anakushinda wewe na mimi pamoja.

Kwanza, mafuta yanauma. Mwezi Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217.36 kwa lita hapa Nairobi. Mfa maji hukamata maji. Muuzaji anajua kwamba tarehe 14, EPRA inapotangaza bei mpya, watu wanatafuta chochote cha kushika.

Pili, na hili naliona kubwa kuliko yote, wengi wetu hatununui lita. Tunanunua shilingi. "Weka ya elfu." "Weka ya mia tano." Kesho bei ikibadilika, elfu ni ile ile lakini lita si zile zile. Halafu tunasoma mshale wa tangi, ambao ukipanda mlima unasema hivi na ukishuka unasema vile. Mtu asiyejua ametumia lita ngapi kwa kilomita ngapi, utamwambia ameokoa asilimia yoyote na hana cha kukupinga nacho. Si ujinga huo. Ni umaskini, kwa sababu kujaza tangi kunahitaji pesa ya kujaza tangi.

Tatu, maagizo yenyewe ni mtego. Karatasi ya mjomba ilisema kifaa "hujifunza" uendeshaji wako kwa kilomita 200. Katika kilomita hizo dereva anafanya nini? Anaendesha polepole, hakanyagi mafuta kwa ghafla, anautazama mshale kama mgonjwa. Matumizi yanapungua kweli! Mguu umefanya kazi, taa imepewa sifa. Na wakati huo huo siku za kurudishiwa pesa zinapita.

Nne, aibu. Aliyepoteza elfu tatu na mia tano hatangazi stejini. Aliyedhani ameokoa ndiye hupiga kelele.

"Lakini kampuni za mafuta zinaficha ukweli!" Haya. Na kampuni za magari je? Toyota ilianza kuuza Prius kule Japani mwaka 1997, gari lenye mota, betri nzito na mitambo ya gharama, yote hayo ili kupunguza mafuta. Kama chipu ya bei ya chakula cha mchana ingetosha, wangeitia kiwandani na kumshinda kila mpinzani. Kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza.

Jipimie mwenyewe

Usiniamini mimi pia. Jaza tangi hadi juu, andika kilomita. Tembea kama kilomita 500, rudi kwenye pampu ile ile, jaza tena, andika lita. Rudia mara kadhaa, kifaa kikiwemo na kisipokuwemo. La muhimu zaidi: mwambie mtu mwingine akichomeke au akitoe bila kukuambia, asije mguu wako akadanganya. Mimi nikitaka kujua kama programu imekuwa ya kasi, sijiulizi moyoni. Napima. Muuzaji akikataa kipimo hiki, amekwisha kukujibu.

Na kama ni kuokoa, njia zipo, ila hazina taa. Weka upepo wa tairi sawasawa. Ondoa mizigo usiyoihitaji na keria tupu juu ya paa. Acha kuvuta kasi na kufunga breki ghafla. Kwenye barabara kuu uendeshaji wa fujo unaweza kula asilimia 15 hadi 30 ya mafuta yako. Taa ya injini ikiwaka, isomwe.

Hapo ndipo narudi kwa mjomba. Tulipotoka nje niliona taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. "Hiyo? Imewaka miezi miwili," akasema. "Nilikuwa niipeleke kwa fundi, halafu nikapata hiki kidude."

Tukaenda kwa fundi. Akachomeka kisomaji chake, cha kweli, kwenye tundu lile lile. Kikaandika P0135: hita ya sensa ya oksijeni imekufa. Kila asubuhi injini ilikuwa ikichelewa kujua kipimo chake, na ikijimwagia petroli kupita kiasi wakati wote huo. Jibu la tatizo la mjomba lilikuwa ndani ya tundu hilo miezi miwili, likingoja mtu aulize. Badala yake tundu liliketiwa na kiboksi kisichojua kusema, na pesa ya sensa ikamwendea mwenye kiboksi.

Hilo ndilo linaloniudhi. Wangeuza pambo waseme ni pambo, nisingekuwa na neno. Wanamuuzia mtu aliye taabuni sababu ya kutotafuta dawa.

Kiboksi ninacho bado, kimefunguka matumbo, kando ya kompyuta yangu. Mjomba alinipa. Alisema nikiunganishe na betri wakati wa Krismasi, angalau watoto wafurahie taa.